Barafuto: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuundwa, Kutembea na Kuyeyuka Kwake

Barafuto ni nini hasa?

Barafuto ni barafu ya nchi kavu iliyotokana na theluji, inayodumu mwaka hadi mwaka na kutembea kwa uzito wake yenyewe. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloamua. Bonge la barafu lililotulia kwenye kivuli cha jabali halihesabiwi kuwa barafuto hata likidumu miaka mia. Barafu inayoelea juu ya Bahari ya Aktiki nayo si barafuto, kwani hiyo ni maji ya bahari yaliyoganda.

Orodha za kimataifa zilizotengenezwa kwa picha za setilaiti zina barafuto zipatazo 275,000, zikifunika takriban kilomita za mraba 700,000. Hapo hazijaingizwa ngao mbili kubwa za barafu, ya Greenland na ya Antaktiki. Ngao hizo hufuata kanuni zile zile, ila ukubwa wake hauna mfano: kuna mahali Antaktiki ambapo unene wa barafu unapita mita 4,700.

Theluji inageukaje kuwa barafu?

Kwa kubanwa, taratibu sana. Theluji iliyoanguka leo ni hewa zaidi kuliko maji: mita moja ya ujazo ina kilo 50 hadi 100 hivi, ilhali maji ya ujazo huo huo yana kilo 1,000. Ndani ya siku chache ncha za chembe zake hupotea, chembe huwa za mviringo na kusogeleana. Theluji ikivuka kiangazi kizima bila kuisha huitwa firni, na kufikia hapo mita ya ujazo imeshafika kilo 400 au zaidi. Theluji ya miaka inayofuata huikandamiza kutoka juu. Ikifika kilo 830 hivi, vijia vya hewa kati ya chembe huziba na hewa iliyobaki hufungwa ndani ya mapovu. Tangu hapo inaitwa barafu. Kubanwa huendelea hadi karibu kilo 917, ambao ndio uzito wa barafu isiyo na mapovu kabisa.

Muda hutofautiana mno. Milimani, ambako uso wa theluji huyeyuka kidogo mchana na maji yake kuganda tena chini, kazi huisha kwa miaka michache au miongo kadhaa, na barafu hupatikana makumi machache ya mita chini ya uso. Katikati ya Antaktiki theluji ya mwaka mzima ni sentimita chache tu na hakuna kinachoyeyuka. Huko safari hiyo huchukua zaidi ya miaka 2,000, na barafu kamili huanza kwenye kina cha karibu mita 100. Kutokana na hilo, hewa iliyomo kwenye mapovu ni changa kuliko barafu inayoizunguka, kwa sababu ilikuwa ikiingia na kutoka mpaka vijia vilipoziba. Anayesoma historia ya angahewa kwenye nguzo za barafu, yaani vipande virefu vinavyochimbwa kutoka ndani ya barafu, asiporekebisha tofauti hiyo, tarehe zake zitakosewa kwa karne nyingi.

Je, baridi kali peke yake inatosha kuunda barafuto?

Haitoshi. Sehemu kubwa ya nyanda za Siberia zina baridi ya kutisha lakini hazina barafuto, kwa kuwa theluji inayoanguka ni haba na kiangazi huimaliza. Pwani ya magharibi ya Nyuzilandi haina baridi ya namna hiyo, lakini theluji ya milimani ni nyingi kiasi kwamba barafuto zimewahi kushuka hadi karibu na misitu ya mvua. Kinachohitajika ni theluji ya mwaka kuzidi kinachopotea mwaka huo, na hali hiyo ijirudie kwa miongo mingi.

Kwa nini barafu ya ndani huonekana ya buluu?

Barafu hufyonza kidogo wekundu wa mwanga na kuacha buluu ipite. Kwenye theluji mwanga hurushwa nje kabla haujaenda mbali, ndiyo maana tunaiona nyeupe. Ndani ya barafu iliyobanwa, yenye mapovu machache, mwanga husafiri mita kadhaa na wekundu wake huishia njiani.

Barafu ni kitu kigumu. Inatembeaje?

Kwa njia tatu, ambazo mara nyingi hufanya kazi pamoja.

Njia ya kwanza ni barafu yenyewe kunyumbuka. Ikiwa na unene wa mita 30 hadi 50 hivi juu ya mteremko, fuwele zilizo chini huanza kuteleza tabaka juu ya tabaka, mfano wa karata zinazosukumwa kwa kiganja. Katika miaka ya 1950 mwanafizikia Mwingereza John Glen alibonyeza vipande vya barafu maabarani na kugundua kwamba mkazo ukiongezwa mara 2, kasi ya kunyumbuka huongezeka takriban mara 8. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa mahesabu yote ya mwendo wa barafuto, na ina maana nzito kwa zama hizi. Kasi ya uso inayotokana na kunyumbuka hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Barafuto ikikonda kwa asilimia 20 tu, mteremko ukibaki ule ule, kasi hiyo hushuka hadi karibu asilimia 41 ya ilivyokuwa. Kukonda kidogo, basi, kunatosha kuipooza. Joto la barafu nalo lina usemi: barafu iliyo karibu na nyuzi 0 hunyumbuka mara kadhaa haraka kuliko iliyo nyuzi 10 chini ya sifuri.

Njia ya pili ni kuteleza juu ya mwamba, na hapa mhusika mkuu ni maji. Joto la ardhi na msuguano huyeyusha barafu ya chini kabisa. Uzito nao hushusha kiwango cha kuyeyuka kwa takriban nyuzi 0.7 kwa kila kilomita ya unene, kwa hiyo barafu nene huweza kuwa na maji chini yake hata ikiwa chini ya sifuri. Maji hayo yakiwa na shinikizo kubwa huibeba barafuto kwa kiasi fulani, na mshiko wake kwenye mwamba hulegea. Ikikutana na kigingi cha jiwe, barafu huyeyuka upande wa juu unaosukumwa, maji yake hupita na kuganda tena upande wa pili. Barafuto ambayo chini yake ni baridi kavu haina utelezi huo. Imegandamana na mwamba na hutembea kwa kunyumbuka tu.

Ya tatu ni kitanda chenyewe kusogea. Pale ambapo chini pana tope, mchanga na changarawe zilizolowa, tabaka hilo hukokotwa pamoja na barafu iliyo juu yake.

Mita 30 hivi za juu hazina mkandamizo wa kutosha kunyumbuka, kwa hiyo hupasuka kila barafuto inapopinda au kuporomoka kwenye mteremko mkali. Ndizo nyufa zinazoua wapandaji, hasa zinapofunikwa na daraja jembamba la theluji mpya.

Kasi yake ni kiasi gani?

Barafuto nyingi za mabondeni huenda makumi hadi mamia ya mita kwa mwaka. Mwaka 1827 Mswisi Franz Josef Hugi alijenga kibanda juu ya barafuto ya Unteraar; miaka kumi na kitu baadaye kibanda hicho kilikutwa kimesafiri zaidi ya kilomita 1 kushuka bonde. Kwa upande wa kasi kubwa, Sermeq Kujalleq ya magharibi mwa Greenland, inayojulikana pia kama Jakobshavn Isbræ, ilipimwa kiangazi cha 2012 ikienda takriban mita 46 kwa siku.

Takriban barafuto moja katika kila mia ina tabia ya kulala kwa miongo, kisha kufyatuka ghafla. Maji hunaswa chini yake, shinikizo hupanda, na barafuto huongeza kasi mara kumi hata mara mia kwa miezi au miaka michache. Zinapatikana kwa makundi: Alaska na Yukon, Svalbard, Karakoramu. Mfyatuko wa namna hiyo si ushahidi kwamba hali ya hewa imekuwa baridi; kwa kawaida barafuto haijapata barafu mpya, imehamisha tu ile iliyokuwa imelimbikizwa juu.

Wengi pia hudhani maji mengi ya kuyeyuka huongeza kasi siku zote. Mwanzoni mwa kiangazi ni kweli, kwa sababu maji huingia kwenye vijia vyembamba na kuinua shinikizo. Yakiendelea kumiminika huchimba mifereji mipana chini ya barafu, shinikizo hushuka, na barafuto hupunguza mwendo wakati joto bado ni kali.

Ikiwa barafu husonga mbele daima, barafuto hurudije nyuma?

Barafu hairudi nyuma hata sentimita moja. Kinachorudi ni mahali inapoishia. Barafuto ina sehemu mbili: juu, ambako theluji ya mwaka huzidi inayopotea, na chini, ambako hasara huzidi mapato. Kati yake pana mstari wa mizania, mahali ambapo kinachoingia na kinachotoka ni sawa. Mwendo wa barafu ndio unaopeleka ziada ya juu kulipia hasara ya chini. Ncha ya barafuto ikiletewa barafu ya mita 40 kwa mwaka na mita 60 zikayeyuka, itaonekana imerudi nyuma mita 20, ingawa kila chembe yake ilikuwa ikishuka.

Kwa barafuto nyingi za mabondeni, ili hesabu ilingane, karibu asilimia 55 hadi 60 ya eneo lake inapaswa kuwa juu ya mstari wa mizania. Joto likipanda nyuzi 1, mstari huo hupanda mita 100 hadi 150. Kwenye barafuto iliyolala juu ya uwanda wa mlima, mita 150 zinaweza kuwa eneo lote la mapato. Barafuto ya namna hiyo imeshahukumiwa hata kama kwa macho bado inaonekana pana na nzuri.

Wataalamu hupimaje faida na hasara ya mwaka?

Kazi ya msingi bado ni ya miguu. Vigingi vyembamba vya alumini, plastiki au mbao huingizwa kwenye mashimo yaliyotobolewa kwa keekee ya mvuke, mara nyingi mita 6 hadi 10. Mwaka wa vipimo katika nusu ya kaskazini ya dunia huanza 1 Oktoba. Tuseme kigingi kilikuwa kimejitokeza mita 0.5, na mwaka mmoja baadaye kimejitokeza mita 2.5. Barafu imeshuka mita 2. Zidisha kwa 0.9, kwa kuwa barafu ni nyepesi kidogo kuliko maji, unapata hasara ya mita 1.8 za maji. Kwenye eneo la juu huchimbwa shimo hadi kufikia tabaka chafu la kiangazi kilichopita, theluji hupimwa uzito kila baada ya sentimita kadhaa, kisha kina hugeuzwa kuwa kina cha maji. Mwisho kila kipimo hupewa uzito kulingana na eneo lake. Asilimia 60 ya barafuto ikipata wastani wa mita 0.7 na asilimia 40 ikapoteza mita 1.8, matokeo ni 0.42 kutoa 0.72: hasara ya mita 0.30 za maji kwa barafuto nzima.

Makosa yanayojirudia yanajulikana. Kigingi kisichozibwa chini huzama kwenye firni, na hasara husomeka ndogo kuliko ilivyo. Shimo likiwa fupi, kiangazi kimoja kikali hukiangusha kigingi na rekodi ya mwaka hupotea. Toboa zaidi ya unavyotarajia kuyeyuka. Kigingi kilichoinama nyuzi 30 kikisomwa kwa urefu wake badala ya kimo, hasara inazidishwa kwa karibu asilimia 15. Kosa baya kuliko yote ni kusahau uzito: mita 2 za theluji mpya na mita 2 za barafu si kitu kimoja hata kidogo.

Setilaiti hujaza pengo. Nyingine hupima kimo cha uso kwa leza au rada, na hapo pia lazima mtu akadirie uzito wa kilichopotea. Wengi hutumia kilo 850 kwa mita ya ujazo. Setilaiti pacha za GRACE, kuanzia 2002 hadi 2017, na warithi wao tangu 2018, huhisi mabadiliko ya mvutano wa dunia, yaani hupima uzito moja kwa moja, lakini haziwezi kutenganisha barafuto moja na jirani yake. Ndiyo maana vigingi havijastaafu. Storglaciären ya Uswidi imepimwa bila kukatika tangu 1946, na hakuna setilaiti yenye kumbukumbu ndefu hivyo.

Ni nini hasa kinachoyeyusha barafuto? Ni joto la hewa tu?

Hili ndilo swali lenye majibu mengi ya haraka na yasiyo sahihi. Barafu huyeyuka inapopokea nishati: kilojuli 334 kwa kila kilo, ikiwa tayari iko nyuzi 0. Kwenye barafuto nyingi mtoaji mkubwa wa nishati hiyo ni jua, na hewa yenye joto hufuata.

Rangi ya uso, kwa hiyo, ina nguvu kubwa. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua. Barafu tupu hurudisha asilimia 30 hadi 40, na ikiwa na vumbi au masizi hurudisha chini ya hapo. Theluji ya majira ya baridi ikiisha Juni badala ya Agosti, barafu nyeusi hukaa wazi kwenye jua kali miezi miwili zaidi. Anguko moja la theluji katikati ya kiangazi huweza kuokoa barafu kwa siku kadhaa, na joto linapoligeuza anguko hilo kuwa mvua, hasara ni maradufu.

Fanya hesabu ndogo. Nyongeza ya wati 10 kwa kila mita ya mraba, kwa siku 100 za kiangazi, ni megajuli 86. Zinatosha kuyeyusha kilo 259, yaani karibu sentimita 29 za barafu, ambazo mwaka uliotangulia zisingeyeyuka.

Mvua yenyewe ina joto dogo kuliko watu wanavyodhani. Milimita 10 za mvua ya nyuzi 5 huyeyusha milimita 0.6 tu. Unyevu wa hewa una nguvu zaidi: kilo moja ya mvuke ikigeuka maji juu ya barafu hutoa nishati ya kuyeyusha karibu kilo 7.5. Ndiyo sababu siku yenye mawingu, upepo na hewa ya joto yenye unyevu huweza kuila barafu kuliko siku kavu ya jua.

Kwa makadirio ya haraka hutumika kipimo cha nyuzi-siku. Kila nyuzi 1 juu ya sifuri kwa siku moja huyeyusha milimita 3 hadi 5 za maji kutoka kwenye theluji, na 6 hadi 8 kutoka kwenye barafu. Siku 60 zenye wastani wa nyuzi 4 ni nyuzi-siku 240. Kwa milimita 7, barafu hupoteza kama mita 1.7 za maji.

Mawe na kifusi juu ya barafuto huikinga au huiyeyusha?

Yote mawili, kutegemea unene. Vumbi au tabaka la kama sentimita 1 hunyonya jua na kupitisha joto upesi, hivyo kuyeyuka huongezeka. Likipita sentimita chache huanza kuwa blanketi, na nusu mita ya mawe hupunguza kuyeyuka kwa kiasi kikubwa. Barafuto za Himalaya zilizofunikwa na kifusi, hata hivyo, hazikondi polepole kama ungetarajia, maana katikati ya kifusi hufunguka kuta tupu za barafu na vidimbwi vya maji vinavyoila kwa kasi.

Barafuto za karibu na ikweta zinaliwa na nini?

Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori ndizo pekee Afrika. Juu ya Kilimanjaro hewa ni kavu na baridi mchana kutwa, na sehemu ya barafu hugeuka mvuke bila kuwa maji kwanza. Njia hiyo hutumia nishati mara 8.5 ya kuyeyuka, kwa hiyo kwenye hewa kavu nishati ile ile huondoa barafu kidogo zaidi. Lakini mvua za vuli na masika zikipungua, theluji nyeupe inayokinga uso hukosekana, na jua hupiga barafu tupu na kuta zake za wima. Ukavu huo wa muda mrefu na ongezeko la joto hufanya kazi upande mmoja. Kilimanjaro ilikuwa na kama kilomita za mraba 12 za barafu mwaka 1912. Mwaka 2011 zilibaki 1.76.

Joto likiacha kupanda leo, barafuto zitaacha kupungua leo?

Hapana. Barafuto hujibu hali ya hewa kwa kuchelewa. Makadirio mazuri ya kuchelewa huko hupatikana kwa kugawanya unene wake kwa kasi ya kuyeyuka kwenye ncha. Yenye unene wa mita 200 inayopoteza mita 5 kwa mwaka huhitaji kama miaka 40 kujirekebisha. Zile kubwa huhitaji zaidi. Utafiti uliochapishwa 2025 ulikadiria kwamba hata joto likibaki lilipo, dunia itapoteza hatimaye karibu asilimia 39 ya barafu iliyokuwa kwenye barafuto mwaka 2020, nje ya ngao mbili kubwa.

Je, theluji zaidi inaweza kufidia? Kwa kila nyuzi 1 ya joto ingehitajika ongezeko la theluji la takriban asilimia 30, na hakuna sehemu kubwa ya dunia inayopata kiasi hicho. Safu ya milima inayotajwa sana ni Karakoramu, ambako barafuto kwa miongo kadhaa zilikaribia kuwa sawa. Hata huko dalili za karibuni ni za hasara.

Bahari itapanda kiasi gani?

Tani bilioni 362 za barafu ya nchi kavu ni milimita 1 ya bahari. Kati ya 2000 na 2023 barafuto zilipoteza wastani wa tani bilioni 273 kwa mwaka, jumla ya kama milimita 18. Zote zikiisha zitaongeza takriban sentimita 30. Ngao ya Greenland ina akiba ya mita 7.4, na ya Antaktiki mita 58.

Barafu ambayo tayari inaelea haiongezi chochote cha maana ikiyeyuka, lakini inaweza kuwa kizuizi. Mwaka 2002 rafu ya barafu inayoelea ya Larsen B huko Antaktiki, kilomita za mraba 3,250, ilivunjika kwa wiki chache. Barafuto zilizokuwa nyuma yake ziliongeza kasi mara kadhaa, na barafu hiyo ya nchi kavu ndiyo iliyoinua bahari. Hofu kubwa zaidi ni pale kitanda cha barafu kiko chini ya usawa wa bahari na kinazidi kushuka kuelekea ndani, kama chini ya Thwaites, barafuto ya magharibi mwa Antaktiki. Huko kila hatua ya kurudi nyuma hufikisha ukingo kwenye barafu nene zaidi, na barafu nene humwagika haraka zaidi.

Mito inayotegemea barafuto itakauka?

Kwanza huongezeka, kisha hupungua. Barafuto inayoyeyuka zaidi hutoa maji zaidi mpaka eneo lake linapokuwa dogo mno. Hapo ndipo kilele hupita. Mto Santa wa Peru umeshapita. Udanganyifu wa kipindi hiki ni mbaya kwa wapangaji: mfereji au bwawa linalojengwa kwa vipimo vya miaka ya kilele litakosa maji ya kiangazi baadaye. Mvua itaendelea kunyesha, ila barafuto ndiyo iliyokuwa ikiweka maji ya majira ya mvua kwa ajili ya majira ya ukame.

Maziwa yanayotokea mbele ya barafuto yana hatari gani?

Hatari kubwa. Barafuto inaporudi nyuma huacha moreni, yaani ukingo wa mawe na udongo usioshikamana, na maji hukusanyika nyuma yake. Ukingo huo hubomoka kwa njia tatu za kawaida: poromoko la barafu au mwamba huanguka ziwani na wimbi lake kuruka juu, barafu iliyozikwa ndani ya moreni huyeyuka na ukingo kutitia, au maji hupenya na kuchimba kutoka ndani. Ziwa Palcacocha lilibomoka Desemba 1941 na mafuriko yake yaliua watu wasiopungua 1,800 huko Huaraz, Peru. Oktoba 2023 Ziwa South Lhonak huko Sikkim, India, lilifurika na kuvunja bwawa la umeme chini yake.

Dawa inayofanya kazi ni kushusha maji. Nepal ilishusha Ziwa Imja kwa zaidi ya mita 3 mwaka 2016 kwa kuchimba mfereji wenye milango ya kudhibiti, pamoja na ving'ora vya tahadhari bondeni. Kushusha huko hakuondoi hatari, hupunguza ujazo na kuongeza kina cha ukingo mkavu ambacho wimbi lazima livuke. Penye uangalizi wa karibu maisha huokoka: kijiji cha Blatten, Uswisi, kilihamishwa siku kadhaa kabla ya barafuto ya Birch kuporomoka na kukifukia tarehe 28 Mei 2025.

Hali ya hewa imebadilika zamani pia. Kuna tofauti gani sasa?

Barafuto zimepanuka na kusinyaa mara nyingi. Nguzo za barafu kutoka Dome C, Antaktiki, zina hewa ya miaka 800,000, na katika muda wote huo hewa ukaa ilibaki kati ya sehemu 170 na 300 kwa milioni. Leo imepita 420. Kinachoendelea kina kasi na chanzo kinachojulikana, na hakielezwi na jua wala volkano.

Tunaweza kuzifunika barafuto kwa vitambaa?

Kwa eneo dogo, ndiyo. Uswisi hufunika vipande vya barafu kwa vitambaa vyeupe na kupunguza kuyeyuka kwa zaidi ya nusu pale vilipotandazwa. Lakini vinapaswa kutandazwa na kuondolewa kila mwaka, huchakaa na kuacha nyuzi za plastiki kwenye maji, na gharama yake ina maana kwa mteremko wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji tu. Miaka miwili tu, 2022 na 2023, Uswisi ilipoteza asilimia 10 ya barafu yake yote.

Kiasi gani kitabaki mwaka 2100?

Inategemea gesi joto tunazotoa. Makadirio ya 2023 yanasema joto likiishia nyuzi 1.5 juu ya kiwango cha kabla ya viwanda, karibu nusu ya barafuto zote zitatoweka, nyingi zikiwa ndogo, na asilimia 26 ya uzito itapotea ukilinganisha na 2015. Likifika nyuzi 4, zitatoweka asilimia 83 ya barafuto na asilimia 41 ya uzito. Tofauti kati ya nyuzi 1.5 na 4 ni maelfu kwa maelfu ya barafuto ambazo bado zinaweza kuokolewa, na kila sehemu ya kumi ya nyuzi huhesabika.

Barafuto husemwa imekufa lini?

Inapokuwa nyembamba kiasi cha kutoweza tena kutembea. Mtaalamu wa Isilandi Oddur Sigurðsson alitangaza mwaka 2014 kwamba Okjökull imefika hapo, na 2019 kibao cha kumbukumbu kiliwekwa mahali pake. Venezuela ilikuwa na barafuto kadhaa mwanzoni mwa karne iliyopita. Ya mwisho, Humboldt, iliondolewa kwenye hesabu 2024 ikiwa imebaki chini ya hekta 2. Barafu yake bado ilikuwepo mlimani siku hiyo, lakini ilikuwa imesimama.